Miezi Mitatu ya Chebet

Nilimshuku msichana aliyefiwa na mama yake kwamba ana mimba, kwa sababu sikusoma sentensi niliyoiandika mwenyewe. Naanza na hilo ili usipoteze muda kumtafuta mtu mwingine wa kulaumu.

Mimi ni mkulima wa chai, huku juu kati ya Litein na Mogogosiek, na Jumapili nawafundisha vijana kanisani. Tangu sekondari nilitamani kuandika riwaya. Ijumaa ya tarehe 30 Juni 2023 lori liliwavamia wachuuzi na abiria wa matatu katika makutano ya Londiani, likaua watu wapatao 50. Wiki nzima sikupata usingizi. Sikufiwa na mtu. Niliguswa tu, nikachukua daftari.

Ilikuwa riwaya ya kumjenga kijana wa Kikristo. Chebet, miaka 17, anampoteza mama yake, muuza kabichi kando ya barabara. Anamkasirikia Mungu kwa sura mbili. Sura ya saba, mpiga gitaa la besi wa kanisani anampa leso chini ya mkaratusi na kumwambia Mungu ana mpango, naye anacheka kwa mara ya kwanza. Sura ya tisa inaanza hivi: "Baada ya miezi mitatu, Chebet alikuwa amepona." Mfano wa mchai uliopogolewa niliutumia mara nne. Huku kwetu chai na injili havikupishana sana, mashamba makubwa ya Kericho miaka ya 1920, wamisionari wa Tenwek miaka ya 1930, na mpaka leo ni nadra kusikia mahubiri ya msiba ambayo hayajapogoa kitu. Nilipowasomea vijana sura ya saba, walinipigia makofi. Ningepigwa mawe ingekuwa nafuu.

Kwenye kwaya yetu kulikuwa na msichana wa kidato cha tatu aliyemzika mama yake katikati ya Januari 2024. Kwenye mazishi nilikuwa mwanakamati: mahema, viti vya plastiki, programu zenye picha ya marehemu. Nilihangaika kutwa na nikarudi nyumbani sijamwambia yule mtoto neno. Jumapili zilizofuata nikawa namuuliza habari za masomo. Agosti shule zilipofungwa nikajipatia njia ya mkato, nikampa mswada. "Soma hii, itakusaidia," nilimwambia, kama mtu anayetoa Panadol.

Aliurudisha baada ya wiki mbili, ameufunga kwa kipande cha gunia la mbolea usilowe. "Asante, Mwalimu," akaenda zake. Niliufungua pale pale kwenye kituo cha majani chai, tukisubiri lori, mvua ikipiga mabati na karani akipimia jirani yangu. Nilikuwa nawinda sifa. Nikapekua mbio mbio nikitafuta mwandiko wake. Sura ya saba, pembeni, kwa penseli: "Akicheka haoni haya?" Sura ya tisa: "Mimi nina miezi saba."

Mawazo yangu yalikwenda moja kwa moja tumboni.

Mwalimu wa vijana ambaye kila likizo ya Agosti anakalishwa vikao vya mimba za wanafunzi huishia kuwa na masikio ya kusikia jambo moja tu, na mimi nilikuwa nimetoka kuandika leso, mkaratusi na mapenzi, kwa hiyo nilipokuta msichana, haya na miezi saba ndani ya kurasa chache nilijiona mwerevu wa kuunganisha. Msichana mwenyewe alikuwa mwembamba kama ufito. Miezi saba angeificha wapi? Sikujiuliza. Jioni ile nilimpigia simu mama mchungaji.

Sikumuuliza mwenyewe kwanza. Nilimsema.

Mama mchungaji alimwita kando Jumamosi, baada ya mazoezi ya kwaya. Najua alimuuliza kwa upole. Jioni akanipigia.

"Mwalimu, hayo makaratasi yako unayo hapo?"

"Ninayo, mama."

"Fungua pale alipoandika. Penseli iache. Soma maneno yako wewe."

Nikafungua mezani, chini ya taa ya sola. Alikuwa amepiga mstari chini ya maneno mawili ya sentensi yangu: miezi mitatu. Mstari mwepesi, wa rula. Kutoka hapo mshale mdogo ulikwenda hadi pembeni, kwenye maandishi yake. Mshale huo niliuona kituoni nikadhani ni mkunjo wa karatasi. Nikahesabu kwa vidole, Januari hadi Agosti, kama mtoto wa chekechea. Saba. Alikuwa akimjibu Chebet. Mwenzake amepona kwa miezi mitatu, yeye yuko wa saba na bado analia, basi kasoro iko wapi? Na lile swali la haya halikuwa la dhambi yoyote. Aliuliza kama mtu anaweza kucheka na mvulana na mama yake yuko chini ya udongo. Maswali mawili, na kurasa zangu 140 hazikuwa na jibu la hata moja.

"Alikujibu nini?" nikauliza.

"Alisema, 'Ni mama yangu ana miezi saba. Kaburini.' Akachukua sweta yake akatoka."

Siwezi kujitetea kwamba sikuwa na pa kujifunzia. Biblia ninayoifundisha ina Zaburi ya 88, inayolia na kuishia gizani bila faraja mwishoni. Kila mwaka nilikuwa nairuka kwa kuwa sikuona somo la kutoa. Rafiki zake Ayubu walikaa naye siku saba wamenyamaza, wakaharibu walipofungua midomo. C. S. Lewis alichapisha kitabu cha kufafanua maumivu mwaka 1940. Mkewe alipofariki mwaka 1960 aliandika kingine cha sauti tofauti kabisa, kikatoka mwaka 1961 kwa jina bandia. Mimi nilikuwa nimeandika kile cha 1940, tena bila akili za Lewis. Hata mchai nikishaupogoa nausubiri miezi, siendi shambani kuuliza una nini.

Jumatatu nilikwenda kwao. Baba yake alikuwa akishona kikapu, akanipa kiti na chai. Hakuwa na habari, kwa hiyo ilibidi nieleze yote mbele yake, binti amesimama mlangoni. Nilisema nimekosa. Mzee alitazama kikapu chake. Binti akasema, "Sawa, Mwalimu." Hakusema amenisamehe na sikumdai.

Hakurudi kwenye kwaya. Wenzake walikuwa wamemwona akiitwa kando, na shule zilipofunguliwa maneno yalikuwa yameshafika darasani kwake. Nilisimama mbele ya vijana nikasema uvumi ule ulianzia kwangu na ni uwongo. Wengine waliamini.

Mswada uko juu ya kabati. Kurasa mbili zenye penseli nilimrudishia, kwa kuwa ni zake. Mwaka 2025 alimaliza kidato cha nne, na sasa anaimba sauti ya kwanza katika kanisa jingine, ng'ambo ya mto. Sura ya tisa sijaiandika upya.