Kutoka Kwamsisi hadi kwa Kopa: Tafakuri juu ya Majina ya Mitaa ya Kinondoni

Nilipokwenda Dar es Salaam kwa mara ya kwanza kutoka Kwamsisi, Handeni, sikupewa namba ya nyumba wala jina la barabara. Shangazi alikuwa ameniagiza: "Panda basi la Mwananyamala, ushuke kwa Kopa, kisha uulize." Niliuliza, nikafika. Agizo hilo halikunitatiza, kwani nilitoka katika nchi ya majina ya namna hiyo: Kwamsisi, Kwamatuku, Kwamgwe, Kwaluguru.

Nilipoanza kusoma isimu ndipo nilipoyatazama majina hayo upya. Katika Kiswahili sanifu, kiambishi -ni cha mahali kwa kawaida huambatishwa kwenye nomino za vitu, ilhali nomino za watu hutanguliwa na kwa. Twasema mezani, lakini kwa mwalimu. Wakazi wa Kinondoni wameifuata kanuni hiyo bila ya kufundishwa. Penye mti pameitwa Mkwajuni. Penye mtu pameitwa kwa Kopa, kwa Manyanya na, huko Tandale, kwa Mtogole. Hata asiyemjua Manyanya hutambua kuwa hapo palikuwa pa mtu. Uwanja wa Biafra nao ungali na jina la nchi iliyotambuliwa na Tanzania mwaka 1968 na kutoweka mwaka 1970. Yaani jina huweza kudumu kuliko kile kilichotajwa nalo.

Hata hivyo, kudumu huko si jambo la hakika. Mwaka 2022, wakati wa zoezi la anwani za makazi, nyumba ya shangazi ilipewa namba na jina la barabara. Alimwuliza kijana mwandikishaji, "Mwanangu, na kwa Kopa mmepaandika wapi?" Kijana akajibu kwamba namba inatosha.

Nilikuwapo, nikanyamaza. Nilikumbuka kwamba jina la kwetu huandikwa neno moja, nami nililitamka utoto mzima bila ya kuwauliza wazee asili yake. Sasa wazee wale niliowafahamu wamekwisha kuzikwa.

Namba ina manufaa yake, wala siipingi. Rai yangu ni kwamba wanafunzi wetu wa uzamili wakusanye masimulizi ya majina haya, mtaa kwa mtaa na kijiji kwa kijiji, maadamu wangaliko wa kuulizwa. Mimi nimeanza na shangazi.