Lala Chini

Kila mwanafunzi wa Kiswahili nchini Uganda ameulizwa swali hili angalau mara moja: "Kwani unataka kuwa askari?" Mimi niliulizwa na shangazi yangu, siku niliyofika nyumbani Masaka na barua ya kukubaliwa chuo kikuu. Alikuwa anamenya ndizi. Alifuta mikono, akaisoma barua, akaikunja, akanirudishia, ndipo akauliza. Hakuwa anatania. Kwa watu wa rika lake Kiswahili kilikuwa lugha ya kambini na ya vizuizi vya barabarani.

Chuoni tulipewa majibu mengi ya swali hilo. Tulifundishwa kwamba marekebisho ya katiba ya mwaka 2005 yalikitambua Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili, na kwamba mwezi Julai 2022 baraza la mawaziri liliamua kifundishwe kwa lazima shuleni. Niliyakariri hayo yote na kuyaandika kwenye mtihani. Lakini sikuwahi kuthubutu kumpelekea shangazi. Nilijua angenisikiliza mpaka mwisho, kisha angerudia swali lake.

Jambo ninalotaka kusimulia lilinitokea likizo ya mwaka wa pili, mwezi wa Aprili, nikiwa juu ya pikipiki.

Pikipiki haikuwa yangu. Ilikuwa Bajaj Boxer ya kaka yangu, aliyeichukua kwa mkopo na kuilipia kila Ijumaa. Wiki hiyo kaka alikuwa kitandani na malaria, nami nikachukua nafasi yake steji. Leseni nilikuwa nayo. Uzoefu haukuwa mwingi. Siku ya Alhamisi saa nane mchana tulikuwa bado tumepungukiwa shilingi 30,000. Wanaoijua mikopo hii wanajua kwamba ukikosa Ijumaa moja unaanza kuishi kwa kuangalia nyuma.

Ndipo akaja abiria. Alikuwa mwanamke wa miaka sitini na zaidi, mwenye gomesi iliyofifia rangi, na mfuko wa kilo 25 za unga wa mahindi. Alikuwa anatoka soko la Nyendo kurudi kijijini kwake, upande wa barabara ya Bukakata, ile iendayo kwenye kivuko cha visiwa vya Ssese. Tulikubaliana shilingi 12,000. Kabla hajapanda alitazama upande wa ziwa. Anga lilikuwa jeusi.

"Tungoje kidogo, mwanangu," alisema kwa Kiganda.

"Jjajja, ile mvua bado iko ziwani," nilimjibu. "Tutafika kabla yake."

Niliamini nusu tu ya maneno hayo. Sisi tuliozaliwa karibu na Ziwa Viktoria tunazijua mvua zake. Usiku dhoruba hukaa juu ya maji, na wavuvi ndio huzijua uchungu wake. Mchana nchi kavu hupata joto kuliko ziwa, upepo wenye unyevu huvuma kutoka majini kuja kwetu, hupanda juu ya vilima, na alasiri hugeuka kuwa radi. Nilikuwa nimefundishwa hayo katika jiografia ya sekondari. Lakini kama ningengoja, yule bibi angeweza kupanda pikipiki nyingine, au mimi ningekosa safari ya pili. Nikaufunga mfuko wa unga, nikampa kipande cha nailoni ajifunike, tukaondoka. Kofia ngumu ilikuwa moja, nami ndiye niliyeivaa.

Kwenye lami tulikwenda vizuri. Tulipoiacha na kuingia barabara ya udongo, tone la kwanza liliniangukia mkononi, kubwa na baridi. Niliona mwanga nikaanza kuhesabu. Sauti husafiri kama mita 340 kwa sekunde, kwa hiyo kila sekunde tatu ni takriban kilomita moja. Nilifika kumi na mbili kabla ya ngurumo. Kilomita nne. Nikaongeza mwendo. Safari ya pili nilihesabu sita tu.

Tulipita kanisa la matofali. Mlango ulikuwa wazi, na vijana wa boda boda walikuwa wamejibanza ndani na pikipiki zao. Mmoja alinipungia mkono kwa nguvu, akionyesha kwamba nafasi ipo. Bibi alinigonga begani mara moja, kisha mara ya pili. Sikusimama. Kichwani nilikuwa nimejiambia jambo ambalo nilikuwa nimelisikia steji mara nyingi, kwamba mwenye pikipiki hapigwi na radi kwa sababu amekalia mpira. Si kweli. Aliye ndani ya gari lililofungwa huwa salama zaidi kwa sababu bati la gari huupitisha umeme pembeni mwake hadi ardhini, wala si kwa sababu ya matairi. Mwendesha pikipiki hana bati lolote la kumzunguka. Amekaa juu, kichwa kikiwa kirefu kuliko vyote vilivyo karibu naye. Mimi nilisadiki maneno ya steji kwa kuwa yaliniruhusu kufanya nilichokuwa nimekwisha kuamua kufanya.

Baada ya kanisa barabara inapanda kilima kisicho na nyumba. Mvua ilishuka yote kwa pamoja. Sikuona tena mbele zaidi ya hatua ishirini; maji yalikuwa yanatiririka kwenye njia ya tairi, na udongo mwekundu ukageuka sabuni. Nilishuka gia. Mikono ilikuwa inatetemeka, nami nilijifanya ni baridi. Mwanga na ngurumo sasa vilikuwa vinakuja pamoja, bila kunipa nafasi ya kuhesabu hata moja. Karibu na kilele niliuona mwembe mkubwa, peke yake. Nikaamua nitaingia chini yake.

Hapo ndipo nyuma yangu ikatoka sauti ambayo sikuitambua.

"Simama! Shuka! Lala chini!"

Kiswahili. Sauti ilikuwa kavu, ya amri, kama ya sajini. Siwezi kusema nilifikiri. Mguu ulikanyaga breki kabla sijaelewa ni nani amesema, pikipiki ikateleza, tukaanguka ubavu pamoja na unga. Mkono wake ulinishika koti la mvua ukanivuta hadi kwenye mtaro. Tulilala humo kifudifudi, maji yakitupita mdomoni. Kisha kila kitu kikawa cheupe, na mlio wake niliusikia kifuani kuliko masikioni.

Ningependa kuandika kwamba radi ile iliupasua mwembe. Haikuupasua. Jumamosi nilipopita tena, mwembe ulikuwa palepale na majani yake yote. Kilichopigwa kilikuwa mkalitusi ukingoni mwa shamba, kama mita mia moja kutoka tulipolala. Gome lake lilikuwa limebambuliwa mstari mmoja toka juu hadi chini. Na baadaye nilisoma kwamba kulala kifudifudi si ushauri mzuri, maana umeme wa radi husambaa ardhini, na aliyelala huwa amegusana na ardhi sehemu kubwa ya mwili wake. Ukikosa nyumba imara au gari, ni afadhali kuondoka kileleni na mbali na miti, uchuchumae miguu ikiwa pamoja. Hata nyumba zenyewe hazilingani: Juni 2011 radi iliwaua wanafunzi 18 wa shule moja ya msingi wilayani Kiryandongo. Kwa hiyo bibi alikosea juu ya kulala. Juu ya kusimama hakukosea. Aliyekosea hapo nilikuwa mimi, tena tangu Nyendo.

Radi ziliposogea mbali tulishuka hadi nyumba ya kwanza upande wa pili wa kilima. Mwenyeji alitupokea bila kuuliza, akatukalisha jikoni karibu na moto, akasema Kiwanuka amepita. Hilo ni jina la kale la mungu wa radi kwetu Buganda, ingawa siku hizi ni jina la watu wengi tu, madaktari na mafundi. Tulipewa chai ya mchaichai. Kifundo cha mkono wa bibi kilikuwa kimevimba. Unga ulikuwa uji. Mkono wa klachi ulikuwa umevunjika, na kioo kimoja kimebaki mtaroni.

Nilimwomba msamaha. Hakujibu. Ndipo nikauliza, kwa sababu sikuweza kuvumilia: "Jjajja, Kiswahili ulijifunza wapi?"

"Sikujifunza," alisema. "Nilipigiwa kelele."

Alisimulia huku akikanda mkono wake. Maneno ya kwanza aliyapata akiwa msichana, wakati wa Amin, kwenye vizuizi vya barabarani. Simama. Shuka. Toa. Baba yake alikuwa akipeleka kahawa kwa baiskeli, na siku moja alirudi kwa miguu, bila kahawa wala baiskeli. Hayo ndiyo yaliyokuwa masomo yake.

Kisha ikaja Februari 1979, jeshi la Tanzania lilipoingia Masaka. Watu wetu waliwaita askari wale *bakombozi*, na wengi hawajui mpaka leo kwamba neno hilo ni la Kiswahili lililovaa kiambishi cha Kiganda. Yeye alikuwa njiani, na ndoo kichwani, mizinga ilipoanza. Askari alitoka mgombani akimkimbilia, akipiga kelele: "Lala chini! Lala chini!" Hakulijua neno *lala*. *Chini* alilijua, kwa kuwa walioambiwa chini kizuizini walipigwa. Akakimbia. Askari alimfikia, akamshika nguo, akamwangusha na kulala karibu naye. Kombora liliangukia njia ileile, mahali alipokuwa anaelekea.

"Alipoinuka akaniinua," alisema bibi. "Akaniambia maneno. Akaenda. Sikumwona tena."

"Maneno gani?"

Alinyamaza, akasema polepole kama mtu anayetoa kitu kilichofungwa kwenye pindo la nguo: "Siyogope mama, yamekwisa."

Akaniangalia. "Wewe umesema unasoma Kiswahili. Maana yake nini?"

Nilikuwa nimesoma Kiswahili miaka miwili chuoni. Nilikuwa nimechanganua sentensi mamia, kiima na kiarifu, wakati na hali. Hakuna aliyewahi kunipa sentensi iliyokaa zaidi ya miaka arobaini ikingoja. Sauti ilinikwama kidogo. Kisha nikamwambia kwa Kiganda: "Totya, maama. Biwedde." Usiogope, mama, yamekwisha.

Alilirudia neno la mwisho. Kisha akacheka, mpaka akashika mkono wake kwa maumivu.

"Biwedde? Basi alinidanganya," alisema. "Vita vilirudi."

Ni kweli, vilirudi. Masaka haikupumzika mpaka mwaka 1986. Lakini alipomaliza kucheka alinyamaza muda mrefu akitazama moto, nami niliona kwamba hakuwa amekasirika.

Sikupokea nauli. Alitaka kunipa, nikakataa, na safari hii ilikuwa zamu yake kutogombana. Niliisukuma pikipiki hadi kanisani, ambako wale vijana walinisaidia kufunga mkono wa klachi kwa waya bila kunisema, jambo ambalo liliniuma zaidi. Nyumbani nilimweleza kaka yote, hata kanisa nililolipita. Alinisikiliza akitetemeka kwa homa. "Ungekufa," alisema, "na mkopo ningeulipa na nini?" Ndivyo anavyosema mtu wa kwetu akitaka kusema anakupenda. Ijumaa hatukulipa. Ilituchukua wiki tatu kujirudisha kwenye mstari.

Wenzangu, sikuandika haya ili nikitetee Kiswahili. Lugha ile iliyochukua baiskeli ya baba yake ndiyo iliyomwinua kutoka chini, na maneno yalikuwa karibu yaleyale. Mhadhiri wetu alipofundisha hali ya kuamuru muhula uliofuata, alitutaka tutoe mifano, tukatoa: soma, andika, funga mlango. Niliyatazama maneno hayo ubaoni nikamfikiria bibi, ambaye kwake hali hiyo ndiyo ilikuwa lugha nzima, isipokuwa sentensi moja. Shangazi naye nimemsimulia. Hajaniuliza tena kama nataka kuwa askari, ila hajasema kwamba ameridhika.

Jumamosi ile kaka alipopata nafuu, nilikopa pesa nikanunua kilo 25 za unga, nikaazima kofia ngumu ya pili, nikaenda. Anga lilikuwa safi, lakini nilipoona wingu dogo upande wa ziwa nilisimama kanisani nusu saa nzima, mpaka nikajionea aibu. Bibi alikuwa uani, mkono umefungwa kitambaa. Majirani wawili walikuwa naye. Aliniona naingia polepole na mzigo, akanyoosha kidole, akapaza sauti ileile ya sajini hadi majirani wakashtuka:

"Simama! Shuka!"

Nikashuka. Alikuwa anacheka.