Nani Huchagua Njia ya Kontena

Kazi yangu ilikuwa kukadiria tani: ngapi zitatoka bandari ya Mombasa kwa reli, ngapi kwa lori. Kilichonivuta katika fani hii ni hesabu za Daniel McFadden, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 2000. Miaka ya 1970, kabla treni za BART hazijaanza kazi San Francisco, alikadiria kwamba asilimia 6.3 ya wanaokwenda kazini wangezipanda. Walizipanda asilimia 6.2.

Lakini abiria hujiamulia. Kontena lina mabwana wengi. Nililielewa hilo karibu na mizani ya malori ya Mariakani, nikiwauliza madereva kwa nini mzigo wao umepita barabarani. “Muulize tajiri, mama, mimi ni usukani tu.” Tajiri, yaani mwenye lori, akanielekeza kwa wakala wa forodha, wakala kwa mwenye mzigo, naye akaniambia kontena ni la kampuni ya meli na asipolirudisha tupu kwa wakati anatozwa. Kumbe nauli ya reli, ambayo vitabu viliitanguliza, ilikuwa kipande tu cha gharama. Kontena likishushwa na treni Embakasi, Nairobi, bado lahitaji lori la kulifikisha ghalani, kisha safari ya kurudi pwani likiwa tupu. Na muuza vipuri mmoja alinieleza bila kusita kuwa angelipa zaidi mradi ajue siku hasa mzigo utakapofika.

Treni za mizigo za SGR, reli mpya ya Mombasa hadi Nairobi, zilianza Januari 2018, na muda si mrefu serikali ikaagiza makontena ya Nairobi yapande reli. Tani zikapaa. Mikutanoni nikatakiwa niuchukue mstari huo wa ongezeko na kuuendeleza miaka ishirini mbele. Nilikataa, na ningekataa tena leo: aliyeamriwa hajachagua, na takwimu zake hazisemi angefanya nini akiachwa huru. Badala yake tuliwapelekea waagizaji kadi zenye safari za kubuni, kila moja na nauli, siku na kiwango chake cha uhakika, tukawaomba wachague.

Septemba 2022 Rais William Ruto alipoagiza uondoaji wa mizigo urudi Mombasa, na amri ile ya reli ikaondoka, niliwasihi vijana wa ofisini wasichanganye miezi ya kabla na ya baada katika mfano mmoja wa hesabu. Kwenye fomu ya barabarani tukaongeza swali la kwanza kabisa: nani aliamua mzigo huu upite njia hii?