Mwenye Mzigo na Mwenye Barua

Juma hili tunawaalika tutafakari pamoja juu ya kasha dogo lililoko sebuleni mwa wengi wetu: rauta, ile inayoipokea intaneti kutoka nje na kuigawa kwa simu na kompyuta zote za nyumbani. Hatuikumbuki ila inapotukasirisha. Kijana wa nyumba anapogawana mafaili makubwa na watu wa mbali, wote hukwama. Ndipo maneno huanza. Huyu humwita mwenzake mchoyo, yule huilaumu kampuni inayotuuzia intaneti. Je, mkosaji hasa ni nani?

Hatuna budi kwanza kumtendea haki huyo kijana. Mwaka 2001 mtunzi wa programu wa Marekani, Bram Cohen, alitoa BitTorrent, ambayo hulikata faili katika vipande vingi. Kila apataye kipande huanza kuwapa wengine kabla hata hajalipata faili zima. Apokeaye ni mtoaji pia. Si wizi kwa asili yake. Programu huria nyingi, kama zile za Linux, husambazwa kihalali kwa njia hiyo. Lakini ukarimu huu huielemea rauta kwa namna mbili.

Ya kwanza ni daftari. Vifaa vyote vya nyumbani kwa kawaida huonekana nje kwa anwani moja, kwa hiyo rauta huandika kila mazungumzo yanayopita ili ijue jibu ni la nani. Asomaye gazeti hufungua mazungumzo machache. Programu ya kugawana mafaili huweza kufungua mamia. Tukumbuke kwamba rauta maarufu ya Linksys, WRT54G, ilipotoka mwaka 2002 ilikuwa na kumbukumbu ya megabaiti 16 tu. Tena Linux, inayoendesha rauta nyingi, kwa mpangilio wake wa asili huweza kuyahifadhi mazungumzo yaliyonyamaza bila kufungwa rasmi kwa muda wa siku 5. Daftari likijaa, mazungumzo mapya hukataliwa. Rauta za leo zina nafasi zaidi, nayo shida hii imepungua.

Ya pili ndiyo kubwa, nayo ni foleni. Katika nyumba nyingi njia ya kupakia ni nyembamba kuliko ya kupakua. Pakiti zikija kwa wingi kuliko njia iwezavyo kubeba, husubiri katika foleni. Tuseme foleni hiyo inabeba kilobaiti 250, nayo njia inapitisha megabiti 1 kwa sekunde: ikijaa, kila ajaye nyuma atasubiri sekunde 2. Mwenye faili hajali, maana mzigo wake utafika tu. Lakini hata anayepakua huumia, kwa sababu kila kinachopokelewa hudai stakabadhi irudishwe kwa njia ileile iliyoziba. Wahenga walisema, mwenye nguvu mpishe. Katika foleni isiyo na msimamizi, mnyonge hupisha hata asipotaka.

Nasi tumeyaonja hayo. Jioni moja tulikuwa tukizungumza kwa simu ya intaneti na mzazi wetu aliyelazwa hospitalini. Sauti yake ilitufikia vipande vipande, nasi tukawa tunamjibu maneno aliyokwisha kuyapita. Sauti ya mtu ni mzigo mwepesi mno kando ya filamu. Haikuhitaji njia pana, ilihitaji zamu yake.

Mwaka 2010 mhandisi Jim Gettys, aliyekuwa Bell Labs, alipima nyumbani kwake na kuona ucheleweshaji wa zaidi ya sekunde moja alipokuwa akituma mafaili makubwa. Alitambua kwamba watengenezaji, kwa nia njema ya kutopoteza pakiti hata moja, walikuwa wameyatanua mno maghala ya kusubiria. Hapa pana jambo la kushangaza: pakiti inayotupwa kwa wakati wake ni ujumbe kwa mtumaji kwamba apunguze mwendo. Ghala lisilotupa kitu humnyima mtumaji onyo hilo, naye huzidi kumimina.

Mwaka 2012 Kathleen Nichols na Van Jacobson walitoa CoDel, utaratibu unaopima pakiti imesubiri muda gani, na kuanza kutupa baadhi pale kusubiri kunapoendelea kuzidi milisekunde 5. Baadaye ukaunganishwa na utaratibu wa kuyapa mazungumzo mbalimbali foleni zake, kwa zamu, ukaitwa FQ-CoDel. Hapo mwenye barua ndogo hasimami tena nyuma ya mwenye malori mia. Nao wagawana mafaili walijifunza adabu: LEDBAT, kanuni iliyochapishwa mwaka huohuo wa 2012 na inayotumika katika BitTorrent, hupunguza mwendo yenyewe inapohisi kwamba njia inaanza kusongamana.

Basi, ndugu, kabla ya kugombana au kununua kasi zaidi, tufanye mambo mawili. Tuiwekee programu ya kugawana mafaili kikomo cha kupakia na cha idadi ya mazungumzo. Na kama rauta yetu ina usimamizi wa foleni, tuuwashe, tukiuwekea kasi iliyo chini kidogo ya ile halisi ya njia yetu, tuseme asilimia 90, ili foleni ikae mahali penye msimamizi. Kasi kubwa zaidi husaidia, lakini programu yenye njaa huweza kuijaza hiyo nayo.

Tumezoea kudhani kwamba amani ya nyumba huja kwa wingi wa vitu. Kasha hili latufundisha kwamba aghalabu kilichopungua ni zamu. Tuwaachieni swali la juma hili: katika nyumba yako, ni nani mwenye neno dogo anayesubiri nyuma ya mzigo wako? Juma jema.