Asili na Kongwe: Mifupa ya Bonde la Ruhuhu



Ndugu wasomaji, sisi waseminari tunaotoka Mbinga na mwambao wa Nyasa tumezoea kuulizwa habari za kahawa na dagaa. Habari za mawe huulizwa mara chache. Hata hivyo, miamba ya Bonde la Ruhuhu, mto unaoingia ziwani karibu na Lituhi, inajulikana na wataalamu wa viumbe vya kale duniani kote. Makaa ya mawe ya Ngaka ni mimea iliyozikwa katika matabaka ya chini ya bonde hilo. Katika matabaka ya juu zaidi, yaitwayo ya Manda, wamelala wanyama.

Katika miaka ya 1930 Mwingereza Francis Rex Parrington wa Cambridge alifika huku akakusanya mifupa. Alan Charig aliichunguza katika tasnifu yake ya udaktari ya mwaka 1956, na baadaye akampa mnyama mmoja jina la Nyasasaurus, kutokana na ziwa letu. Alifariki mwaka 1997 kabla ya kuchapisha maelezo kamili ya mnyama huyo.

Sterling Nesbitt na wenzake ndio walioikamilisha kazi hiyo, nayo ikatoka Desemba 2012. Walikuwa na mfupa mmoja wa mkono wa juu na pingili chache za uti wa mgongo. Mfupa wa mkono una ukingo mrefu wa kushikia misuli, unaofika karibu theluthi ya urefu wake, kama ilivyo kwa dinosaria. Kipande chembamba cha mfupa kilipotazamwa kwa hadubini kilionyesha nyuzi zisizo na mpangilio na njia nyingi za damu, dalili ya mnyama aliyekua haraka. Walikadiria kwamba aliishi zaidi ya miaka milioni 240 iliyopita, ingawa umri wa miamba hiyo bado unajadiliwa.

Pamoja na hayo, hawakutangaza kwamba wamempata dinosaria wa kwanza. Walisema huyu ama ni dinosaria wa kale kuliko wote wanaojulikana, ama ni ndugu wa karibu kabisa wa dinosaria. Mifupa iliyokuwepo haikuwaruhusu kusema zaidi. Na kati ya majina ya waandishi waliliweka la marehemu Charig, miaka 15 baada ya kifo chake.

Bonde letu limetoa wengine pia. Mwaka 2010 alitangazwa Asilisaurus kongwe, jamaa wa dinosaria aliyetembea kwa miguu minne. Maneno "asili" na "kongwe" ni ya Kiswahili chetu. Mwaka 2017 akafuata Teleocrater, mla nyama mwenye kifundo cha mguu kama cha mamba. Huyo aliwafanya wataalamu wabadili mawazo, kwa maana wengi walitarajia kwamba jamaa wa awali wa ukoo huo walikuwa wadogo, wenye kutembea kwa miguu miwili.

Sasa tufikie jambo linalotugusa. Tunapofundisha katekisimu wakati wa likizo, vijana hutuuliza: mbona kitabu cha Mwanzo hakitaji dinosaria? Nani anasema kweli, mwalimu wa baiolojia au padre? Swali hili si la mchezo. Tukimjibu kijana kwa kumkaripia, tunamlazimisha achague kati ya shule na Kanisa, na huenda asituchague sisi.

Kanisa halijamlazimisha kuchagua. Mwaka 1950 Papa Pius XII, katika waraka Humani Generis, aliruhusu wataalamu wachunguze kama mwili wa mwanadamu umetokana na viumbe vilivyotangulia, akishikilia kwamba roho huumbwa na Mungu moja kwa moja. Mwaka 1996 Papa Yohane Paulo II alisema kwamba mafundisho ya mageuko ya viumbe ni zaidi ya dhana tu. Wapo wanaovuta kila siku ya Mwanzo iwe mamilioni ya miaka ili hesabu zikubaliane. Hatuoni haja hiyo. Mwandishi wa Mwanzo hakuwa anapima miamba; alikuwa anatufundisha kwamba vyote vimetoka kwa Mungu, navyo ni vyema.

Wachunguzi hawa wametufundisha jambo ambalo mhubiri analihitaji kuliko wengi: kusema kadiri ya ushahidi ulionao, kukubali kusahihishwa, na kumpa marehemu haki yake. Anayesimama mimbarani na kutamka kwa uhakika asilolijua kuhusu mawe, atasadikiwaje akitamka lile alijualo kuhusu Ufufuko?

Mifupa ya Asilisaurus ni ya Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam. Wazazi na makatekista, kijana akiuliza habari zake, tusimnyamazishe. Tumwambie kwamba mnyama huyu alitoka bondeni kwetu na ana jina la Kiswahili. Kisha tumtie moyo asome sayansi kwa bidii, na Jumapili aje kanisani bila hofu.