Kwa Tanga Katika Ghuba ya Speke

Mkoa wa Simiyu, ulioundwa mwaka wa 2012 na makao yake yakawa Bariadi, una wilaya tano, na katika hizo ni Busega peke yake inayogusa ziwa. Sisi wengine ni watu wa nchi kavu: pamba, mtama, ng'ombe, na visima vinavyochimbwa katika mchanga wa mto wakati wa kiangazi. Basi si ajabu kwamba katika rafiki wanne tuliosafiri nao, watatu hawakuwa wamepanda mashua hata siku moja. Mmoja wao ni mwalimu, naye alikuwa amewafundisha watoto habari za Nyanza miaka mingi, asipate kuyaonja maji yake.

Tuliteremka kwa barabara ya Lamadi, tukalala upande wa Nassa. Jina hilo walijua wasomaji wengi, maana C.M.S. walikuwa na kituo huko, wakawakabidhi wenzao wa Africa Inland Mission mwaka wa 1909. Kabla ya kupambazuka tulikwenda pwani. "Mwangaluka, babu," tukamwamkia nahodha, naye akaitikia, kisha akatutazama viatu vyetu akacheka.

Ghuba hii ina desturi yake ya upepo, na mwenye tanga hana budi kuifuata. Usiku nchi kavu hupoa upesi kuliko maji, kwa hiyo asubuhi upepo hutoka barani kwenda ziwani. Mchana jua likiisha kuipasha nchi moto, upepo hugeuka, ukatoka ziwani kuja barani. Kwa hiyo mvuvi husukumwa kwenda, na tena husukumwa kurudi, wala halipi senti moja ya petroli. Lakini katika miezi ya mvua dhoruba huja ghafula, hasa usiku, nayo imewafanya wajane wengi katika vijiji hivi. Nahodha hakutweka tanga mpaka kila mmoja wetu amefunga jaketi la kuokolea. Twamsifu kwa hilo, kwa kuwa si wote wafanyao hivyo.

Tanga likajaa, tukaelekea magharibi. Nyuma yetu nchi ilikuwa tambarare kuelekea Serengeti, na kushotoni mwetu yale mawe makubwa ya Usukuma yalisimama kama ng'ombe waliolala. Mwalimu akatukumbusha kwamba Stanley alipita pwani hii mwezi wa Machi 1875, katika mashua yake Lady Alice, iliyochukuliwa vipande vipande mabegani mwa wapagazi kutoka Bagamoyo. Ndiye aliyeipa ghuba jina la Speke, kwa kuwa Speke aliliona ziwa hili karibu na Mwanza, Agosti 3, 1858. Tena Stanley alidhani kwamba mto Simiyu ndio chemchemi ya mbali ya Nile upande wa kusini. Siku hizi yajulikana kwamba Kagera ni mkubwa kuupita sana. Hata hivyo rafiki yetu wa Maswa alifurahi kusikia kwamba mto wa kwao ulipewa heshima hiyo, ingawa kwa muda tu.

Hata ilipokuwa saa nne tukaona maji yamebadilika. Mpaka hapo yalikuwa ya kijani; mbele yetu yalikuwa mekundu kama chai yenye maziwa. Nahodha akalegeza demani, akamwamuru kijana wake achukue upondo apime kina. Kijana akachoma, upondo ukazama kidogo tu, ukatoka na matope. "Huu ndio mlango wa Simiyu," akasema nahodha. "Baba yangu alipita hapa na shehena. Mimi napita na upondo. Na sato hapendi kuzaa penye tope."

Tukanyamaza. Maana Simiyu na mwenzake Duma hutoka upande wa Serengeti, wakapita katika wilaya zetu. Na udongo ule uliopakwa kwenye upondo ulikuwa umelimwa na watu tunaowajua. Miti mingi ya nchi yetu ilikatwa zamani ili kufukuza mbung'o, na mingine baadaye kwa ajili ya pamba na kuni. Mvua ya masika ikinyesha juu ya shamba tupu, huchukua udongo wa juu, ule wenye rutuba, ukashuka mtoni. Sheria ya Mazingira ya mwaka wa 2004 yakataza kulima ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Lakini sisi sote katika mashua tuliweza kutaja mashamba yanayofika mpaka kwenye maji. Wazee walikuwa na ngitili, malisho waliyoyafunga mpaka kiangazi, na popote zilipohifadhiwa nyasi huushika udongo.

Mwalimu akaomba chupa, akaijaza maji pale mlangoni, akaifunga.

Saa nane upepo ukageuka kama tulivyoahidiwa, tukarudi mbio, mawimbi yakitulowesha magoti, na yule wa Maswa akikumba maji kwa kopo bila kuambiwa. Tulipofika pwani maji ya chupa yalikuwa yametulia, na tope limekaa chini. Mwalimu aliipakata mpaka Bariadi. Sasa imo darasani, na watoto wa darasa la tano wameulizwa kila mmoja aseme shamba la kwao liko umbali gani na mto.