Daftari la Zamu za Usiku

Mama alipatwa na kiharusi alfajiri moja ya mwaka 2014, akitia udhu. Upande wake wa kulia ulipooza, na katika maneno yote aliyokuwa nayo likabaki moja tu: "Haya." Mimi ndiye mtoto wake pekee niliyekuwa bado naishi Tanga. Nikafunga kibanda changu cha cherehani, nikahamia kwake, nikidhani ni kwa miezi miwili mitatu. Nilimuuguza miaka tisa.

Ndugu msomaji, aliyewahi kuuguza kwa muda mrefu anajua kwamba kinachochosha si kazi peke yake, bali kule kujua kuwa kesho itakuwa kama leo. Mgonjwa asiyeweza kujigeuza hugeuzwa kila baada ya saa mbili hivi, usiku na mchana. Asipogeuzwa, ngozi iliyobanwa na mifupa hukosa damu na kufanya vidonda, na vidonda hivyo ni vigumu kupona. Nilinunua daftari la shule nikalipiga mistari: saa nne ubavu wa kushoto, saa sita chali, saa nane ubavu wa kulia. Kila nikimgeuza, naweka alama.

Wageni waliniambia, "Mshukuru Mungu." Niliitikia, lakini moyoni nimefura. Nishukuru nini? Ndugu zangu walituma fedha, wala siibezi. Ila fedha haiamki saa nane za usiku.

Usiku mmoja wa mwaka wa tatu niliamka na hasira. Badala ya kumshika Mama begani na kiunoni, nilimvuta kwa ule mkono uliopooza. Aligugumia, akanitazama, machozi yakamtoka. Nilimgeuza nikazima taa. Katika daftari sikuweka alama, wala sikumsimulia mtu yeyote.

Mwaka uliofuata mume wa jirani yangu naye alipata kiharusi. Siku ya pili baada ya kurudishwa nyumbani, mkewe alikuja mlangoni mbio: mumewe anapaliwa na kila anachomeza. Nilimwacha mwanawe akae na Mama, nikaenda. Nikamwonyesha niliyofundishwa na muuguzi: mgonjwa aketishwe wima, kidevu akishushe kidogo, apewe uji mzito kwa kijiko kidogo upande wa mdomo ulio mzima, na asilazwe mara baada ya kula. Kisha nikamwonyesha namna ya kumgeuza.

"Usimvute mkono huu," nikasema. "Mimi niliwahi kumvuta Mama. Kwa hasira."

Yule mama alikaa kimya. Halafu akasema, "Dada, mimi nimemvuta jana."

Tulilia, kisha tukacheka, na mgonjwa akitutazama.

Nilirudi nyumbani nikamkuta Mama macho. Nilimweleza nilikotoka na niliyoyasema huko, na hapo ndipo nilipomwomba radhi. Akanyanyua mkono wake wa kushoto, akanigusa shavu. "Haya," akasema. Usiku ule nilishukuru bila kuambiwa na mtu. Sikuushukuru ugonjwa, maana ugonjwa si zawadi. Nilishukuru kwamba niliyoyajua, hata kwa makosa yangu, yalikuwa yamemfaa mtu.

Uchovu haukwisha. Lakini tangu hapo kila Alhamisi mchana jirani alikuja kukaa na Mama kwa saa mbili, nami nikafungua tena kibanda. Jumapili nikaenda mimi kwake ili apate kwenda kwa watoto wake. Saa mbili si nyingi, ila kwa muuguzaji ni kama kupewa siku nzima.

Mama alifariki mwaka 2023, ngozi yake haina kidonda. Daftari nilimwachia jirani, naye baadaye akalipeleka mtaa wa pili, kwa kijana anayemuuguza babake. Juzi nilipita kumjulia hali mzee. Nililikuta daftari juu ya meza, limechakaa, kurasa za mwisho zina mwandiko nisioujua. Mstari mmoja haukuwa na alama. Nikamwambia kijana apike chai, twende tukakae nje kidogo.